Mitaa Miwili ya Kariakoo, Nchi Nzima

Tarehe 10 Agosti 1974, Uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza uliwapokea mahasimu wawili waliosafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam kuja kumalizia ugomvi wa mtaani kwao. Ilikuwa fainali ya ubingwa wa taifa. Adam Sabu aliitanguliza Simba. Yanga ilihangaika hadi dakika za lala salama, Gibson Sembuli akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara, yule waliyembandika jina la Kompyuta, akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1.

Makao makuu ya Yanga yako Jangwani, kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi. Mtu akitoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake kwa miguu, anafika kahawa aliyokunywa haijamshuka. Hata hivyo, mwaka ule kulikuwa na wakazi wa Mwanza, watu wasiowahi kukanyaga Kariakoo, ambao timu hizo walishaziita zao. Nusu karne baadaye mambo yamezidi. Nenda Sumbawanga, Kibondo, Newala au Micheweni, muulize kijana yuko timu gani. Akitaja klabu ya mkoa wake, swali linarudi palepale: "Sawa, lakini kati ya Simba na Yanga?"

Namna timu mbili za eneo moja zilivyoimiliki nchi ni hadithi ndefu kuliko ya vikombe. Vikombe vimesaidia, lakini mashabiki wa mikoani waliandaliwa kabla mpira wenyewe haujashika.

Kariakoo ilipata jina lake kutoka kwa wapagazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa na kikosi cha wachukuzi wa mizigo, Carrier Corps, na kambi yao Dar es Salaam ikatamkwa na wenyeji kwa kadiri ulimi ulivyoruhusu. Eneo hilo likawa makazi ya Waafrika wa kila kabila: Wazaramo wenye mji, Wamanyema, Wanyamwezi, Wangoni, Wayao, kila mmoja akiwa na njia yake ya kurudi kwao. Young Africans ilianzishwa hapo mwaka 1935, na watu wa mjini wakalifupisha jina likawa Yanga. Mwaka uliofuata kundi lililotofautiana na wenzake likajitenga. Hao waliojitenga walipitia majina ya Queens na Eagles, wakatulia kwenye Sunderland, jina la klabu iliyotwaa ubingwa wa Uingereza mwaka huohuo wa 1936. Walidumu nalo hadi 1971, wakati majina ya kigeni yalipokwisha ladha, wakaitwa Simba.

Kwa hiyo tangu mwanzo zilikuwa mbili, na ya pili ilizaliwa kwa kuikataa ya kwanza. Hilo nalo halikuwa jambo geni mjini.

Kabla ya mpira kulikuwa na beni. Ngoma hiyo ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga bendi za kijeshi za Wazungu, tarumbeta, gwaride na vyeo kamili vya kifalme na kijenerali. Popote ilipofika iligawanyika pande mbili za mashindano. Tanganyika pande hizo ziliitwa Marini na Arinoti: Marini wakijihesabu waungwana, makarani na watu wa nasaba, Arinoti wakiwa zaidi watu wa kazi za mikono. Vita ilipozuka, askari na wapagazi waliibeba ngoma hiyo hadi bara, na baada ya vita miji mingi ya Tanganyika ilikuwa na matawi ya pande zote mbili. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975, alionyesha jinsi matawi hayo yalivyoandikiana barua na kupokea wageni. Mtu wa Arinoti aliposhuka kwenye treni mji asioujua, aliwauliza wenzake wa Arinoti, akapata pa kulala.

Beni ilififia taratibu, vijana wakavutwa na dansi na mpira. Desturi ya mji kuwa na pande mbili ilibaki. Ilikuwa kama nyumba iliyokwisha kujengwa ikisubiri wapangaji, na Yanga na Sunderland wakahamia.

Kuna jamaa wa pili wa ushabiki huu, naye anatajwa kila wiki ya dabi bila watu kumwangalia usoni. Magazeti na watangazaji huziita Simba na Yanga "watani wa jadi". Utani ni taasisi ya zamani kuliko klabu zote mbili. Mnyamwezi na Mzaramo, Mngoni na Mhehe, Mchaga na Mpare: mtani wako anaweza kukutukana, kukunyang'anya kitu mkononi na kufanya vituko msibani kwenu, nawe huruhusiwi kukasirika. Utani mwingine ulitokana na vita vilivyokwisha, mwingine ulipata nguvu katika njia za misafara, pale wageni wa makabila mbalimbali walipolazimika kutembea pamoja kwa miezi. Kazi yake ilikuwa kuwapa wasiojuana namna ya kugombana bila kuumizana.

Simba na Yanga zilichukua lugha hiyo nzima. Mwalimu kutoka Bukoba aliyepangiwa kazi Masasi anaweza asijue salamu za kienyeji za huko, lakini Jumatatu asubuhi, baada ya Yanga kufungwa, anajua la kumwambia mwenzake ofisini. Majina ya kejeli yamepokezanwa na vizazi. Wazee waliitana Mikia na Kandambili. Vijana wa leo wanaitana Makolo na Utopolo. Ndani ya familia moja baba ni Simba, mama ni Yanga, na watoto wanagombaniwa tangu hawajaanza shule.

Waliozipeleka timu hizi bara walikuwa wasafiri wa kawaida. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza lilikamilika 1928. Baada ya Uhuru, serikali iliwahamisha watumishi wake huku na huko kwa makusudi: walimu, polisi, wanajeshi, mabwana shamba, wauguzi. Vijana walikutanishwa kwenye kambi za Jeshi la Kujenga Taifa. Na Kariakoo yenyewe ilikuwa soko. Mwenye duka kutoka Singida alikuja kufunga mzigo wa khanga, sabuni na betri, akalala gesti siku tatu, Jumapili akaenda uwanjani na mwenyeji wake. Aliporudi kwake alishusha marobota na masimulizi pamoja.

Halafu kulikuwa na redio. Kwa karibu miaka 30 Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa sauti pekee ya Tanzania Bara, hadi vituo vya binafsi viliporuhusiwa katika miaka ya 1990. Alasiri ya mechi, kijiji kizima kingeweza kuzunguka redio moja ya betri. Watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary walikuwa na kazi ya kumchorea msikilizaji uwanja asiouona: nani ana mpira, anaelekea lango la upande gani, wingu limetanda au jua linawaka. Mtu wa Ukerewe alizijua pembe za Uwanja wa Taifa kama anavyojua shamba lake, na hakuwahi kuuona. Na yote hayo yalisemwa kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya Dar es Salaam peke yake. Msikilizaji wa Musoma hakuhisi anasikiliza habari za watu wengine.

Mwaka huohuo wa Nyamagana, Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutolewa kwa penalti na Mehalla ya Misri. Miaka mitano kabla yake, 1969, Yanga ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana kwenye robo fainali, ikatolewa kwa sarafu iliyorushwa hewani. Mashindano ya Afrika yaliwapa watu wa mikoani sababu nyingine ya kuzifuata: timu ya Kariakoo ikivuka mpaka ilikuwa Tanzania. Nusu ya nchi, bila shaka, ilikuwa ikimwombea mgeni. Mpaka leo timu ya nje ikitua Dar es Salaam kucheza na Simba, haikosi mashabiki wa Yanga wa kuipokea, na kinyume chake.

Mashabiki hao walijipanga kwa matawi, kama beni. Tawi la Simba au Yanga mjini Tabora au Iringa lilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari la wanachama na pahala pa kukutania, mara nyingi kibaraza au chini ya mwembe, ubao ukiwa umepakwa nyekundu na nyeupe au kijani na njano. Lilichanga nauli ya kwenda kwenye mechi kubwa, na likachangia mwanachama aliyefiwa. Timu ikija mkoani, tawi ndilo lililoipokea, likaitafutia malazi na kulinda chakula chake kisiguswe na mtu wa upande wa pili. Hayakuwa matawi ya jina tu. Mtu aliyehamia mji mgeni alipata hapo watu wa kumzika.

Na yalikwenda mawilimawili. Mji uliopata tawi la Yanga haukukaa muda mrefu bila la Simba. Kila upande uliuhitaji mwingine ili uwe na wa kumtambia.

Mikoa ilikuwa na timu zake, tena nzuri. Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa wa taifa mwaka 1975, ya kwanza kuutoa nje ya Dar es Salaam. Tukuyu Stars, Banyambala wa Rungwe, waliubeba 1986, Coastal Union ya Tanga 1988. Reli ya Morogoro ilijiita Kiboko ya Vigogo, na vigogo wenyewe walijulikana ni nani. Mwanza ilikuwa na Pamba, Moshi ilikuwa na Ushirika, Bukoba ilikuwa na RTC Kagera, Mtwara ilikuwa na Bandari. Majina hayo yanasema mengi: pamba, reli, ushirika, kampuni ya biashara ya mkoa, bandari. Timu nyingi za mikoani zilikuwa mali ya mashirika ya umma. Shirika lilitoa ajira kwa mchezaji, basi la kusafiria na nyumba ya kukaa.

Mashirika yalipoanza kuyumba miaka ya 1980 na kubinafsishwa miaka ya 1990, timu nyingi zilikwenda nayo. Miji ambayo Jumamosi ilikuwa na mechi ya ligi ikabaki na uwanja mtupu na redio. Simba na Yanga hazikuwa za shirika lolote. Zilikuwa za wanachama, zikiendeshwa kwa michango, viingilio na mifuko ya wafadhili, na ingawa zilikumbwa na migogoro isiyokwisha, hapakuwa na bodi ya mazao ya kuzifunga. Shabiki wa mkoani aliyekuwa na timu mbili moyoni, ya nyumbani na ya Kariakoo, akabakiwa na moja.

Hata ile ya nyumbani iliyosalia ilijikuta ikiitegemea Kariakoo. Kwa klabu nyingi za mikoani msimu una mechi mbili za kulipia madeni: siku Simba inapokuja na siku Yanga inapokuja. Siku hizo kiingilio kinapanda, uwanja unajaa, na wenyeji wanaweza kujikuta wageni nyumbani kwao, wakizomewa na majirani. Zimewahi kuonekana klabu zikihamishia mechi hizo kwenye uwanja mkubwa wa mkoa mwingine ili zipate mapato zaidi. Mchezaji aliyevuma mkoani naye alikuwa na safari moja mbele yake. Mrisho Ngassa, mtoto wa Mwanza, alisajiliwa Yanga kutoka Kagera Sugar mwaka 2006, na waliomjua tangu utotoni wakapata sababu ya ziada ya kufuatilia matokeo ya Dar es Salaam.

Kenya ilipita njia nyingine, na kuitazama kunasaidia kuielewa ya Tanzania. AFC Leopards ilianza 1964 ikiitwa Abaluhya, na Gor Mahia ilizaliwa 1968 kutokana na klabu za Wajaluo. Zote zilikuwa na makao Nairobi, lakini mashabiki wao wa mbali walikuwa Kakamega na Kisumu, kwa sababu ya damu: mtu wa Siaya alikuwa Gor Mahia kama alivyokuwa mtu wa ukoo wake. Serikali ilipoagiza mwaka 1980 majina ya kikabila yaondolewe, Abaluhya ikawa AFC Leopards, na mashabiki hawakuhama. Ramani ya ushabiki ilifuata ramani ya makabila. Tanzania haina mkoa unaoweza kuitwa wa Simba au wa Yanga. Mstari unapita katikati ya kila kijiji, na mara nyingi katikati ya kitanda.

Ndiyo maana klabu ya tatu imepata shida kuingia. Mgogoro wa Yanga wa katikati ya miaka ya 1970 uliwagawa watu wake kati ya Kandambili na Raizoni, majina ya viatu: ndara za mtu wa kawaida na viatu vya soli nene vya wenda na wakati. Aliyekumbuka Arinoti na Marini angetabasamu. Waliojitenga walianzisha Pan African, timu iliyokuwa na vipaji vya kutosha kutwaa ubingwa mwaka 1982. Matawi, hata hivyo, hayakuwafuata. Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa ya Morogoro, ilichukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Azam FC ilifanya kubwa zaidi: msimu wa 2013/14 ilikuwa bingwa bila kupoteza mechi hata moja, ikiwa na uwanja wake Chamazi na nguvu ya fedha ya kampuni ya Bakhresa nyuma yake. Ilikuwa na kila kitu ila mtani. Mtu wa Songea angeipenda Azam, lakini angebishana na nani?

Msimu huohuo Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji iliyokuwa imepanda daraja tu, ilimaliza ya tatu na kuujaza Uwanja wa Sokoine kwa rangi ya zambarau. Kwa muda ilionekana mji wa mkoani umepata timu ya kuipenda kuliko zile za Kariakoo. Wachezaji wake bora wakaanza kununuliwa, matokeo yakashuka, na mashabiki wengi wakarudi kwenye mabenchi yao ya zamani.

Mwishoni mwa mwaka 2013 Azam TV ilianza kurusha matangazo, na ligi ikahamia kwenye dishi. Ni kampuni ileile yenye klabu ya tatu, na bidhaa yake kubwa ikawa kuzionyesha zile mbili. Mkataba wake na Shirikisho la Soka mwaka 2021 ulikuwa wa miaka kumi, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Vibanda umiza, vile vya mabati na mabenchi ya mbao ambavyo vilikuwa vikiishi kwa ligi ya Uingereza, vikaanza kujaa Kagera Sugar ikicheza na Simba. Aliyekuwa akiuona uwanja kwa maneno ya mtangazaji sasa aliuona kwa macho, na ubishi wa kama ilikuwa penalti au la ukapata marudio ya picha.

Klabu nazo zilijifunza kumwita mtu wa mkoani aje. Simba ilianzisha Simba Day mwaka 2009, Agosti 8, siku ya kutambulisha kikosi kipya. Yanga ikaja na Siku ya Mwananchi mwaka 2019. Wiki hizo mabasi hukodiwa kutoka kanda zote, jezi huuzwa hadi minadani, na Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, hujaa kwa mechi isiyo na pointi. Wasemaji wa klabu wamekuwa mashuhuri kama washambuliaji. Haji Manara, aliyeisemea Simba kwa miaka kadhaa, alivuka kwenda Yanga mwaka 2021, na kwa wiki nzima hapakuwa na habari nyingine vijiweni. Ni mtoto wa Sunday Manara, yule wa bao la Nyamagana.

Kabla tu ya kuvuka kwake, Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilipangwa Kigoma, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Wafuasi walikuja kwa mabasi, kwa ndege na kwa reli ile ya 1914, wakashuka pale reli inapokomea, kilomita chache kutoka Ujiji ambako misafara ya wapagazi ilitua mizigo yake. Mukoko Tonombe wa Yanga alionyeshwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Taddeo Lwanga akaifungia Simba bao pekee kipindi cha pili. Lwanga ni Mganda, Mukoko ni Mkongo, na nchi yake ilikuwa ng'ambo ya maji. Jioni ile mji wa Kigoma ulikuwa na waliokosa usingizi kwa furaha na waliolala mapema, na wengi wao walikuwa wenyeji.